Visu Vyangu Thelathini na Kimoja

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Siku kubwa! Fundi Bushiri, mhunzi wa Mahege, ameota ndoto.

Ndoto yenyewe fupi. Marehemu baba yake kamjia, kamwuliza kile kipande cha chuma kilichoko chini ya kitanda kinangoja nini. Basi, kaondoka. Kipande hicho ni cha springi ya lori la zamani, chuma ambacho siku hizi hukipati hata ukilie. Urefu wake kiganja kimoja. Kinatosha kisu kimoja cha kukunja. Na Fundi ametangaza leo mbele ya kibanda changu cha fotokopi hapa Kibiti, mashahidi wapo, kwamba kisu hicho hakitakuwa cha muundo wa ukoo wao. Kitakuwa muundo mpya! Mwenye wazo litakalomridhisha ndiye atakayekichukua, na kisu kitaitwa kwa jina lake. Moto utawashwa Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 14.

Mimi Twalibu nina visu thelathini na kimoja vya kukunja. Vingine kafua Fundi Bushiri, vingine baba yake, viwili babu yake. Muundo wote mmoja: bapa fupi, mpini wa mpingo, msumari mmoja. Mke wangu Sihaba husema nina kisu kimoja mara thelathini na moja. Hana jicho. Namba 9 msumari umeinama kushoto. Namba 22 mpini una doa kama punje ya mpunga. Lakini humu ambamo hakuna anayesoma nakiri: miaka kumi na minne nangoja namba 32 iwe kitu kingine.

Michoro ninayo. Kumi na tisa, ndani ya daftari, nimeipigia mstari kwa rula. Tatizo moja tu. Shemeji Nassibu, kaka yake Sihaba, alikuwa pale pale anachaji simu. Kasikia yote.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeamka mapema kuchagua mchoro. Kazi ngumu. Namba 4 kina kitana upande wa nyuma. Namba 11 kina filimbi kwenye mpini, ya kufukuzia ngedere shambani. Namba 19 ndicho kipenzi changu: bapa mbili, moja inafunguka kushoto na nyingine kulia. Nimekikata kwa boksi la sabuni ili Sihaba aone. Alikuwa barazani anachana ukindu kwa ajili ya mkeka wa harusi ya binti yetu Warda, harusi iko baada ya Maulidi. Kakitazama, kauliza sasa hapo mtu anashika wapi. Nimemjibu hayo ni madogo, yatafuata.

Bodaboda mpaka Mahege. Fundi alikuwa kwenye fuawe, ndevu zake ametia hina mpya. Kanionyesha kile chuma, kakilaza juu ya gunia. Nilitaka kulia, sijui kwa nini. Halafu kanipa kisu cha kawaida nione makali, yaani kakiweka chini na mimi nikaokota. Fundi kwa hilo hacheki na mtu. Kisu hakipokelewi mkono kwa mkono. Wakipeana mkononi watagombana, hata kama ni pacha. Hapa kwetu kila mtu anajua, lakini wengine husahau sahau. Fundi hajasahau hata siku moja katika maisha yake.

Kalifungua daftari langu, ukurasa kwa ukurasa. Kwenye filimbi kauliza nani ataitia mdomoni baada ya kupara samaki. Alipofika namba 19 kalifunga. Kisha kaniuliza swali moja. Hiki kisu ni cha kazi gani?

Nikamwambia ni cha kuwa nacho.

Katema mate pembeni. Eti weye Twalibu, nenda kafikiri.

Jumatano, 6 Agosti

Hasira. Shemeji Nassibu kaenda Mahege jana hiyo hiyo, nyuma yangu, na kikapu cha kamba wakavu. Yeye kazi yake kununua kamba kwa wavuvi wa delta, kwa hiyo kumpelekea mtu kamba si ukarimu, ni kupunguza mzigo. Lakini Fundi kapokea, kasema anajua kukaa na watu.

Huyu Nassibu ana visu thelathini na vitatu. Kavipanga kwenye kabati la kioo, kila kimoja na karatasi yake ndogo ya maelezo. Vyangu viko kwenye kopo la biskuti. Wageni wakienda kwake wanapewa ziara. Wakija kwangu wanafungua lile kopo wakidhani lina biskuti.

Nimewaza kutwa nzima. Baada ya alasiri likanijia. Kumbe dawa ninayo! Nikiwafanya Fundi na Nassibu wapeane kisu mkono kwa mkono, watagombana wenyewe. Mimi sitaonekana popote. Kule Ngarambe wapo ndugu wawili waliopeana kisu kwenye karamu ya harusi, na mpaka leo mmoja akitaka kumsalimia mwenzie anamtuma mtu.

Mpango safi. Hauna mwanya.

Alhamisi, 7 Agosti

Una mwanya.

Nimewaalika wote wawili kibandani kunywa kahawa. Kabla hawajafika nimemwaga ndoo mbili za maji chini, nikaondoa meza, nikaondoa stuli, nikaacha benchi moja linalowatosha makalio yao na si zaidi. Pa kuweka kisu hakuna. Nikamsifia Fundi kile anachotembea nacho mfukoni, nikasema shemeji angependa kukiona. Fundi akakitoa. Akatazama chini, tope. Akatazama kulia, kushoto.

Akavua kofia yake, akaiweka magotini kwake, akakiweka kisu juu ya kofia. Nassibu akaokota kwenye kofia, kwa adabu zote. Fundi akasema huyu kijana amelelewa. Kijana! Ana miaka hamsini na mbili.

Maji yameingia kwenye soketi. Mashine ya fotokopi inatoa karatasi nyeusi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, kibanda nimefunga, na kingefungwa tu. Baada ya swala nimemkuta Fundi nje ya msikiti na kuku mkononi, kapewa na mteja. Nassibu yuko hatua tatu, ana chungwa. Nikaona Mungu mwenyewe kanipangia. Mkono mmoja kuku, mkono mwingine kisu, atainamaje? Nikasema kwa sauti, Fundi, mwazime shemeji kisu amenye chungwa.

Fundi kanikabidhi kuku. Kainama taratibu, kakiweka kisu kwenye kizingiti.

Kuku kaniponyoka. Tumemkimbiza mpaka nyuma ya duka la saruji, mimi na kanzu yangu ya Ijumaa. Nassibu ndiye aliyemkamata. Wamesimama pale pamoja wanacheka na kuku wao, wanakula chungwa.

Sihaba kaniuliza kanzu imefanya nini. Nikasema nilikuwa namsaidia mtu. Kasema ningemsaidia na yeye, ukindu umejaa baraza na vidole vyake vimechubuka.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika polepole kwa sababu ni jambo la kuhuzunisha.

Nimekwenda Mahege kumwonyesha Fundi namba 19 iliyorekebishwa. Nilikuwa na jibu la swali lake pia. Kazi gani? Kazi zote! Nikalisema. Akaguna, akasogeza kiwiko, na kisu kilichokuwa ukingoni mwa benchi kikaanza kuanguka. Na hakikuwa kisu cha hivi hivi. Kilikuwa kimoja cha babu yake, mpini wa pembe, sijapata kukiona. Mtu mwenye moyo anafanya nini? Nikaruka. Fundi naye akaruka.

Tukajikuta chini wote wawili. Yeye kashika mpini, mimi nimeshika bapa iliyofungwa. Mkono kwa mkono!

Hata kijana wake anayevuta mivukuto kaiacha.

Nikasema labda haihesabiki kwa kuwa kilikuwa kinaanguka. Fundi akainuka, akajipangusa magoti, akasema basi, ugomvi umeshaingia, bora tuuanze mapema. Akauanza. Kasema michoro yangu ni ya mtu asiyewahi kukata kitu. Kasema anajua nani alimwaga maji kibandani. Kasema kuku wake siku hizi hatagi. Kasema nisikanyage pale mpaka ugomvi uishe wenyewe. Nikauliza huchukua muda gani. Kasema baba yake na mtu mmoja wa Mloka walipeana kisu hivyo, na haukuisha mpaka mmoja wao alipozikwa.

Zimebaki siku nne moto uwashwe, na mimi sina ruhusa ya kufika.

Jumatatu, 11 Agosti

Leo nilikuwa wa kulala tu. Nimelala mpaka saa nne asubuhi, nikaamka nikahesabu visu vyangu ili moyo utulie.

Thelathini!

Nimekagua tena. Namba 12 haipo. Nimegeuza godoro, nimegeuza kabati, nimeanza kumshuku Nassibu kwa jina kamili. Halafu nikatoka barazani. Sihaba kakaa juu ya mkeka, ukindu uliotiwa rangi umemzunguka, mwekundu, zambarau na kijani, na anachana chane za kusukia kwa namba 12.

Namba 12! Nimeichukua, yaani kaiweka chini nikaokota. Bapa imepakaa zambarau. Karibu na mpini kuna mapengo mawili yaliyokatwa kwa tupa, na katikati kamebaki kajino kadogo kenye ncha. Nikapiga kelele nani kafanya unyama huu. Kasema yeye. Tangu Ramadhani. Eti ukipitisha jani kwenye kale kajino linachanika katikati bila kwenda upande, lakini kidole gumba hakina pa kukaa, ndiyo maana anajikata. Kasema kisu kilikuwa kinalala tu kwenye kopo, angalau sasa kina kazi.

Sikumsikiliza. Nilikuwa nalia kwa ndani.

Baadaye nikiwa nimekaa na huzuni yangu, wazo! Mimi nimekatazwa kufika Mahege. Sihaba hajakatazwa. Nimemwomba kesho apeleke daftari kwa niaba yangu. Kasema Baba Warda, mimi nina mkeka wa binti yako. Nimembembeleza, nimeosha vyombo. Kakubali, kwa sharti kwamba atakwenda na kile kisu Fundi akakitengeneze. Nikasema sawa, kishaharibika hicho, fanya utakalo.

Jumanne, 12 Agosti

Amekwenda. Amerudi saa tisa. Nilikuwa nimesimama barabarani tangu saa sita.

Anasema Fundi kalitazama daftari lote na kacheka mpaka kashika ubavu. Dalili njema! Mtu hacheki asichokipenda. Halafu, anasema, yeye kamwekea namba 12 kwenye fuawe, kamweleza ile shida ya kidole gumba. Fundi kauliza ni cha kazi gani. Sihaba katoa jani la ukindu kwenye kapu lake, kachana mbele yake. Fundi kamwambia arudie. Karudia. Kamwambia tena. Kisha kashika ndevu, akauliza kama angependa jino moja au mawili, na mkono wake ni mdogo kiasi gani. Kampima kiganja kwa kamba. Kabaki na kisu.

Nikamkatiza. Nimemwuliza alisema nini kuhusu namba 19. Sihaba kanitazama. Kasema kuhusu namba 19 hakusema kitu.

Hakusema kitu! Hajakataa. Nalala na matumaini makubwa.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku ya moto. Kuzuiwa kufika si kuzuiwa kuchungulia. Nimeshukia mbali nikapenya shambani mpaka kwenye mikorosho iliyo nyuma ya kiwanda cha Fundi. Nikajibanza kwenye shina nene. Nikasikia mtu anapiga chafya kwenye shina la pili.

Nassibu!

Naye kafukuzwa. Jumatano alibeba kabati lake la kioo mpaka Mahege juu ya pikipiki ili kumwonyesha Fundi jinsi anavyovitunza visu. Fundi akauliza, na hivi vyako vina kazi gani? Shemeji kajibu vya kutazamwa. Fundi akamwambia akatazame nyumbani kwake. Njia ya kurudi kioo kimepasuka.

Sijapata kumpenda shemeji yangu kama leo.

Kumbe ilikuwa siku ya kupulizia mikorosho. Mwenye shamba kaja na mashine mgongoni, hakutuona, katuvurumishia salfa kichwa mpaka miguu. Tumekuwa manjano wote wawili. Tumekohoa, tumelia machozi, hatukuondoka. Nassibu katoa chungwa na kisu. Kakiweka kisu juu ya jani, nikaokota, nikamenya, tukagawana. Salfa kidogo, lakini tamu.

Halafu nyundo ikaanza. Nassibu kasema sikiliza chuma hicho. Nikasikiliza. Kweli kilikuwa na sauti yake, safi, haikatiki. Nikamkumbuka baba. Kisu chake cha kwanza cha Mahege kilitumbukia mtoni tukivuka kwenda kuvuna mpunga, mimi ndiye niliyekuwa nakichezea. Hakunipiga. Kaendelea kutazama maji mpaka ng'ambo. Nilipopata kibarua nikamnunulia kingine, sawa sawa na kile, kashukuru, kakigeuza geuza, akasema siyo chenyewe. Ndiyo nikanunua cha pili. Alikufa nikiwa nimefika cha sita. Nimeendelea tu. Sikumwambia Nassibu hayo, lakini nadhani alidhani machozi yangu yote ni ya salfa, na ni vizuri.

Jumamosi, 16 Agosti

Fundi Bushiri kaja mwenyewe Kibiti! Kaja nyumbani kwangu! Nilimwona kwa mbali, nikavaa kanzu, nikatandika mkeka barazani, nikaita majirani. Nassibu kaja mbio. Mwajabu, jirani yetu ambaye naye husuka, kaja na ukili wa mkeka wake mkononi.

Nikamsalimia Fundi, shikamoo. Akamgeukia Nassibu, akasema mwambie huyo marahaba, ila ugomvi bado haujaisha.

Akatoa kitambaa, akakikunjua, akakiweka kisu juu ya mkeka.

Ewe Mungu! Nimeangalia visu maisha yangu yote. Bapa fupi iliyopinda kidogo kama mwezi mchanga. Karibu na mpini meno mawili membamba. Mpini wa mpingo, mdogo, na juu yake kijishimo laini cha kukalia kidole gumba. Kinakunjwa bila kutoa hata sauti. Msumari mmoja, wa ukoo. Ni kipya kabisa na bado ungekijua gizani kwamba ni cha Mahege.

Nikanyoosha mkono kuokota. Fundi akaweka fimbo yake juu ya kisu. Akamwambia Nassibu aniambie kwamba mwenyewe ndiye anayeokota.

Sihaba katoka jikoni anafuta mikono. Kaokota. Kidole gumba kikakaa mahali pake kama vile kilizaliwa hapo. Kavuta jani moja tu la ukindu, mara moja, na zikaanguka chane tatu zilizolingana. Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilitaka kukasirika na sikuweza. Nilifurahi, basi, nilifurahi mpaka nikaegemea nguzo.

Fundi kasema kisu hiki kinaitwa Sihaba. Mwajabu akauliza na yeye atapata lini. Sote tulijua chuma kimekwisha. Lakini Fundi kashika ndevu, kasema ukindu si mfupa, springi za hivi hivi za gereji zinaweza kuutosha. Atajaribu. Wanawake kumi na mmoja wamejiandikisha hapo hapo, wengine wamewaandikisha dada zao wa Ikwiriri. Mzee wa watu alikuja na ndoto moja, anaondoka na kazi ya mwaka mzima. Alikuwa anatembea kama kijana.

Nimemwuliza Sihaba kama kitakuwa namba 32. Kasema hakiingii kwenye kopo lolote. Namba 12 Fundi kanirudishia, kaiweka chini, tena ameinoa.

Jumapili, 17 Agosti

Mkeka wa Warda umepiga hatua kubwa leo. Sihaba anachana anaimba, vidole vyake vizima. Nimekaa karibu naye asubuhi yote, nikitazama. Kisu ni kizuri mno. Kina kasoro moja tu, hakina filimbi.

Saa sita Nassibu kaleta habari kwamba atakuja alasiri kukiona vizuri, na rula, eti dada amruhusu dakika tano apime. Najua dakika tano za Nassibu. Atakipima, atakichora, kesho yuko Mahege na kikapu cha kamba. Lazima nimzuie. Na njia ninayo, tena iliyothibitishwa. Ndugu hawa wawili wakipeana kisu mkono kwa mkono watagombana, na Nassibu hatakanyaga hapa tena.

Nimefanya kazi haraka. Nimeukunja mkeka na kuuingiza ndani. Nimeondoa vigoda. Nimemwaga ndoo tatu barazani, na kofia ya Nassibu nimempokea mlangoni kwa heshima na kuitundika ndani. Safari hii nimefikiria kila kitu. Dada akasimama upande huu wa maji, kaka upande ule. Nami nikasimama katikati, nihakikishe.

Sihaba alikuwa na haraka, chungu kilikuwa motoni. Akanyoosha mkono, akasema shika, mpe kaka.

Nikashika.

Sasa ni saa kumi na moja. Sihaba anaongea nami kupitia Nassibu. Nassibu kakaa kwenye kiti changu, anapima kisu kwa rula, anafikisha salamu za pande zote mbili, na kaombwa abaki kula. Lakini sijakata tamaa hata kidogo, maana kwenye tabu hii nimepata mchoro namba 20, na huu Fundi hawezi kuukataa, una kazi kubwa kuliko yote. Kisu cha kupokelewa mkononi! Vipini viwili, kimoja cha anayetoa, kimoja cha anayepokea, na ugomvi utakuwa umekwisha nchi nzima. Nimemwonyesha Sihaba. Kauliza, kupitia Nassibu, makali yatakaa wapi.

Nimemjibu, kupitia Nassibu, hayo ni madogo, yatafuata.